Kibweta chenye Jina

Mizani ya Mwaloni huamka saa kumi alfajiri,
kabla yangu, kabla ya wachuuzi,
na kila sangara anayetupwa juu yake
hutuma namba.
Namba moja si kitu.
Elfu arobaini ndizo zilizonikesha.

Moduli yangu huzisoma. Niliiandika kwa lugha ile ya herufi moja,
lugha kavu, isiyojua adabu, jirani wa chuma.
Moduli ya Masatu, kule Nansio, huzipigia wastani,
nayo ni ya lugha hiyohiyo.
Ila kati yao ameketi mkalimani,
mpole, mwepesi wa maneno, tunampenda wote,
na yeye ndiye aliyekuwa anatuchelewesha.

Kila gramu niliivisha shati na viatu
ndipo ivuke kwake.
Masatu akaipokea, akaivua viatu, akaivua shati,
akaihesabu tupu kama ilivyozaliwa.
Mashati elfu arobaini!
Kama mtu afunge dagaa wa gunia zima
mmojammoja kwenye gazeti.

Nikamkumbuka mama, sokoni Igoma,
akivutana bei na muuza karanga
kwa Kiswahili cha kuazima, nusu saa nzima,
mpaka yule mama akajikwaa kwenye kigoda chake
na kulaani kidogo kwa Kisukuma.
Wakatazamana.
Mwangaluka!
Bei ikashuka kabla kicheko hakijaisha.

Nikampigia Masatu.
“Mkalimani hatumfukuzi,” nikamwambia. “Tunampa kibweta abebe.”

Ndani ya kibweta, anwani moja tu:
pale kwenye kumbukumbu ilipo orodha ya kazi zangu.
Ya kwanza, fungua. Ya pili, soma. Ya tatu, funga.
Juu ya kifuniko, jina kamili, na ukoo wake:
mizani, nukta, ndani, nukta, mlango.
Mkalimani hukibeba bila kukifungua,
kilichomo hakimhusu.
Masatu husoma jina herufi kwa herufi;
ikipinda moja, anakirudisha.
Likilingana, anafungua,
na tangu hapo huziita kazi zangu mwenyewe
kama jirani aliyezoea mlango wa uani.

Dakika kumi na moja zikawa sekunde tisa.
Masatu akala sato mzima peke yake, akanitumia picha ya miba.

Kisha Jumatatu, mimi na usafi wangu,
nikachomeka kazi mpya baada ya ya kwanza:
rudisha sifuri.
Ilipendeza pale. Sikumwambia mtu.
Jina halikubadilika, kifuniko kilekile.

Alfajiri Masatu akaita ya pili, apate kusoma,
na mizani ikarudi sifuri.
Sangara wa kilo thelathini, mkia unagusa sakafu,
akapimwa hewa.
Wa pili, hewa.
Mtori lori mzima wa hewa kuelekea kiwandani,
na karani Lugembe akipiga kofi kioo cha mizani
kana kwamba ndicho kilichokula samaki.
Masatu alipotaka kufunga, akasoma;
mlango ukabaki wazi, programu ikaanguka
bila hata neno la kuaga.

Jina lililingana. Ahadi haikulingana.

Siku hizi namba ya toleo hutangulia yote,
na kazi mpya, hata iwe nzuri vipi,
huketi mwisho wa mkeka.
Na sikiondoi kibweta nikiwa na mgeni ndani.
Hilo la mwisho nalo nililijua kwa kuumia,
lakini ni habari ya usiku mwingine.

Tulipomaliza kutengeneza, umeme wa Kirumba ukakatika.
Tukabaki kwenye simu, chaji asilimia nne,
yeye Mjita, mimi Msukuma,
tukiongea Kiswahili, kila mmoja akivisha na kuvua.
Moduli zetu zina mlango wa uani.
Sisi hatuna.

Akanitamkia neno moja la kwao, la samaki.
Nikalirudia vibaya, akacheka, nikalirudia.
Nimeliandika ndani ya faili, kwenye maelezo,
mwishoni kabisa,
lisisogeze kitu.