Jedwali Lisilo na Nyota

Nimefika tena Ojo Seco, mwaka wa tatu huu,
na dodoso lile lile la kurasa kumi na tisa,
penseli mbili, na kofia ya ofisi isiyozuia jua.
Kiwanda cha nyaya za magari kimeongeza geti.
Mabasi yake meupe huzoa watu saa kumi na moja alfajiri,
kabla kengele ya shule haijapata mtu wa kuigonga.

Swali la kumi na nne: nani katika nyumba hii aliacha masomo?
Bi Refugio anapangusa mikono yenye unga wa mahindi.
"Eleuterio," anasema. "Alibakiza miezi miwili."
Naandika tatu. Tatu maana yake: aliacha kwa ajili ya kazi.
Hakuna tarakimu ya viatu vyake vya shule,
vilivyobaki mlangoni hadi mdogo wake wa kike
alipovijaza gazeti kwenye ncha, akaondoka navyo
kwenda chuo cha ufundi kule Saltillo.
Karo hutoka katika vidole vya kaka,
vidole vinavyoviringisha utepe mweusi juu ya nyaya
mara elfu mbili kwa zamu.

Hilo halikuulizwa. Nililiandika pembeni
kwa herufi ndogo, kama mtu anayeiba.

Jijini, Daktari Ibarrola huyapanga yote:
ushuru uliposhuka, mkoa upi ulikua, mtoto yupi alisoma.
Ni mtu makini. Hukagua hesabu mara tatu
na hapendi neno "kwa sababu" litamkwe ovyo.
Mashine inawaza kidogo, inatema jibu:
kaka, kutoa moja;
dada, kujumlisha moja;
wastani, sifuri, na ubavuni mwake hakuna nyota.
"Biashara haikugusa elimu hapa," anasema,
kisha anajisahihisha: "Walau hatuna ushahidi kwamba iligusa."
Kauli ya pili ni ya kweli. Nakubali.

Ila mimi nimekaa ndani ya sifuri ile.
Ina jiko, ina kiti kilichovunjika mguu,
ina kijana anayelala mchana
amejifunika uso kwa daftari la dada yake.

Nilipokuwa naaga aliamka.
"Mmeandika nini juu yangu?"
Nikamwonyesha. Tatu.
Akaitazama kitambo.
"Mwandiko mzuri," akasema,
halafu akaniuliza kama upo
ukurasa wa ishirini.