Sikio la Zamu

Elfu ishirini na nane. Nimezihesabu mara tatu
nyuma ya choo cha stendi ya Masasi
kana kwamba kuhesabu kunazalisha.
Kumi ni mchango wa madawati, shuleni kwa Mwanjaa.
Tatu ni za Binti Nnunduma, unga wa juma lililopita.
Zinazobaki ni zangu,
na zangu zimekunjika sana.

Nalinda ghala la korosho, lango la nyuma.
Magunia hayana mazungumzo.
Kitochi changu kina redio, ndiyo,
lakini redio husema inachotaka yenyewe:
saa nane usiku mtu ananifundisha kufuga sungura.
Mimi nataka, katika maisha haya ya kuamriwa,
kitu kimoja nikikiambia rudia,
kirudie.

Mezani kwa Chilumba nimeinama kama mnunuzi wa dhahabu.
Kile chenye kioo cha rangi kinapendeza,
ila chaji yake haivuki saa sita za usiku.
Kile cha blutuu kina nisichokihitaji
kwa bei nisiyoiweza.
Na hiki cheusi, kifupi kuliko kidole gumba,
hakina kioo, hakina maringo,
vitufe vitano na memori kadi tumboni.
"Huyu ukimchaji leo, unamsahau hadi keshokutwa,"
anasema Chilumba,
ambaye kwake vitu vyote viko ngeli ya watu.
Elfu kumi na moja.
Nikabaki na nne, na masikio mawili.

Akanivika hedifoni kubwa, sponji laini,
za kulifunika sikio lote.
Besi ikanigonga kifuani,
na stendi ikafutika: wapiga debe,
mashine ya kukamua miwa, honi ya basi la Tunduru,
midomo tu ikichezacheza.
Nikazivua haraka.
Mlinzi asiyesikia ni gunia jingine.
"Hizo tisa," akasema. "Kwa nne nikupe za waya wa tambi,
zitakufikisha Ijumaa."

Ndipo nikaziona, kwenye boksi la mabovu,
chini ya chaja zilizokatika shingo:
jozi imara, waya mnene, mpira mzima.
"Hao kushoto wamekufa, kaka. Nawaweka kwa ajili ya vipuri."
Nikazivaa.
Kulia, gitaa safi, hata kucha ikigusa uzi.
Kushoto, Masasi yote,
na mtu anakohoa,
na mwingine anamdai mwenziwe mia tano.
Nikajizuia nisicheke.
"Bei?"
"Mbili. Lakini usije kunililia."
Nikalipa bila kubishana. Akanitazama
kama mtu aliyeibiwa asichokijua.

Mbili za mwisho zikaenda kwa kijana wa kompyuta:
mia kwa wimbo, nyimbo ishirini.
Kumi na nane nilizitaja bila kupumua.
Mbili nilikaa kimya kwanza.
Ni zile alizokuwa akipikia mama Mwanjaa
kabla hajarudi kwao Tandahimba
na sufuria zake.

Hakuna aliyenionya
kwamba nyimbo za zamani ziligawanywa:
magitaa na ngoma kulia,
mwimbaji kushoto, peke yake.
Kwa hiyo kwangu bendi inapiga, inapiga,
inamngoja mtu asiyekuja.
Nikaanza kumshikia zamu, kwa kunong'ona.
Maneno ninayoyasahau nayajaza kwa korosho,
daraja la kwanza, daraja la pili.

Saa tisa kitu kikakwaruza bati la uzio.
Kushoto kuliniambia
kabla kulia hakujamaliza kiitikio.
Nikawasha tochi.
Paka, na yeye alikuwa kazini.

Ni wiki ya tatu sasa.
Kumi na nane nazijua hadi mikwaruzo.
Zile mbili sijazigusa;
zikikaribia, kidole kinaruka.
Naogopa humo
mwimbaji yuko kulia.