Goti la Kulia

Kikao kilianza saa kumi, juu ya duka la mabati, Keko,
na mpaka wakaanga chipsi wanawasha majiko yao
tulikuwa bado kwenye ajenda ya pili:
Mfaume Ndauka, beki, miaka thelathini na sita
kwa cheti; kwa mama yake, thelathini na nane.

Mie sina kura. Mie ni mchua misuli.
Niliitwa nije na taarifa, nikaja na ndoo yangu,
kwa mazoea tu.

Bi Mwajabu, mhazini, akafungua daftari:
dau lake linasajili vijana wawili wa Ifakara,
na viatu vyao, na chenji inayobaki
inatufikisha Mbeya kwa basi.
"Mechi kumi na tisa," akasema, "kadi nane,
na lile bao la Chamazi, jamani, lile bao..."
Hakumaliza. Hapakuwa na haja.
Sote tulimwona yule winga, mtoto wa juzi,
mpira akaupitisha huku, mwenyewe akapita kule,
na Mfaume akigeuka
kama lori linalogeuka uchochoroni Tandika.

Mzee Kitwana akasimama kumtetea:
"Jungu kuu halikosi ukoko."
"Na ukoko huo," Bi Mwajabu akauliza,
"unalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?"
Tukacheka. Hata Kitwana, kidogo.

Mie nilikuwa nalifikiria goti.
Nalijua kuliko mkewe anavyolijua.
Kila baada ya mechi nanunua barafu kwa muuza samaki,
vipande vinavyonuka vibua,
navifunga ndani ya jezi kuukuu, nalikandika,
na goti linagonga chini ya kiganja changu, ko, ko,
kama mwenye nyumba tarehe thelathini.
Yeye hukaza macho darini
na kuniuliza wanangu wamefaulu vipi.

Ila masikio yangu nayo yana taarifa yao.
Pale benchi nasikia wasichosikia wa jukwaani:
"Deo, rudi. Deo, kushoto kwako.
Muache huyo, mguu wa kushoto hana.
Taratibu, Deo. Ni mpira tu."
Deo ana miaka ishirini, anaruka kama kalamba pilipili.
Februari, Mfaume akiwa nje kwa kadi,
kila kona ilipopigwa nilimwona Deo akigeuza shingo,
anaitafuta ile sauti.
Tukala nne.
Hayo hayamo daftarini. Yangeandikwa safu ipi?

Jana usiku alikuja kwangu.
Nilidhani ataniomba nimfichie. Hakuomba.
Alikaa juu ya kreti la soda, mguu kaunyoosha
mpaka paka akauruka kama kizingiti.
"Waambie kweli, Shebe," akasema.
"Ila usiwaambie kama mtu anayetangaza msiba."
Kisha, akiwa mlangoni, ameshavaa ndala:
"Na ile mishahara ya miezi miwili,
wamesemaje?"

Kura zikapigwa kwa migongo ya risiti za mabati.
Wanne wamtaka. Wanne hawamtaki.
Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akanitazama, mie na ndoo yangu.
"Haya, Shebe. Wewe ndiye unayelishika."

Nikasimama. Chini mtu alikuwa anakata bati,
nikamsubiri amalize.

"Goti la kulia limekwisha," nikasema.
Bi Mwajabu akaandika.
"Mlipeni ile miezi yake miwili.
Mpeni na mwaka."
Kalamu ikasimama.