Dakika Kumi na Moja

Ramani yao ilichorwa Nakuru, juu ya meza ya hoteli,
kwa kalamu nyekundu isiyojua matope:
Njoro, Molo, kilele cha Mau penye baridi ya kukata masikio,
Londiani, kisha kuteremka, kuteremka,
Muhoroni, Awasi, Ahero, Kisumu.
Mstari mmoja. Ungedhani ni uzi wa kushonea.

Baba alikuwa akiishi ndani ya mstari ule.
Elikana Rasuna, kibarua wa barabara, namba mia mbili na sita,
karai, sepeto, kofia ya kaki iliyopasuka ukingo.
Maili nne za Awasi zilikuwa zake;
kila shimo alilijua kama ulimi unavyojua pengo la jino.

Pasaka ile mvua ilipiga milima ya Nandi siku tatu.
Nyapara akapita na baiskeli:
kesho usiku magari ya mashindano,
ng'ombe wasionekane, mbuzi wasionekane,
na ninyi pia, ikiwezekana.

Baba akaitikia, "Ndiyo, bwana."
Akala ugali wake kwa omena, akanawa,
akachukua magunia mawili ya mkonge
akaenda kuliziba kalvati
alilolizibua mwenyewe asubuhi kwa mshahara wa serikali.

(Haya alinisimulia mara moja tu,
akinyolewa kichwa, macho kayafumba.)

Maji yakapanda barabarani polepole
kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.
Udongo wa Kano haubembelezwi:
ukilowa ni gundi, ukikauka ni kisu.

La kwanza, Pijo, likapita likiwarushia tope machoni.
La pili likapita.
La tatu likayumba, likapita.
Arap Mosonik akanong'ona gizani,
"Rasuna, akili yako nayo ina kalvati."
La nne, Foksiwageni ya Nakuru, taa moja imekufa,
likazama mpaka tumboni.

Wanaume kumi na wanne wakatoka mikongeni
na kamba begani.
Dereva, jasho na hasira, hakuuliza
kwa nini watu wa huku hulala na kamba.
Bachitar, msoma ramani wake, fundi wa gereji,
alishuka na tochi.
Akamulika mtaro, akamulika magunia,
akamulika uso wa baba, akakaa hapo kidogo.
Kisha akacheka kwa pua na kuhesabu:
shilingi kwa kila bega, mbili kwa baba.
Hakusema neno. Labda naye alikuwa na watoto.

Kulipokucha walikuwa wamesukuma magari saba.
Baba akazibua kalvati kabla ya nyapara kuamka.

Miaka ikapita. Sukari ya dukani Muhoroni
ikaja imefungwa kwa gazeti kuukuu,
nami, msomaji pekee nyumbani, nikasoma kwa sauti:
gari la Nakuru lililopoteza dakika kumi na moja Awasi
lilikosa kombe kwa dakika tisa.
Mama akakung'uta sukari, akakunja gazeti.
Baba akatoka nje kutazama ng'ombe
waliokuwa wamefungwa tangu magharibi.

Shilingi kumi na nne. Ndizo zilizonipeleka darasa la kwanza.
Kusoma kwangu kote ni dakika za watu.

Jana nimepita pale, nyuma ya trekta la miwa.
Kuna lami sasa, na kalvati jipya la zege.
Nikapunguza mwendo.
Si kwa heshima, msinisifu bure:
maji yalikuwa juu ya barabara tena,
na vijana watano wamekaa kando,
hawana haraka.