Shela ya Nunziata

Kasuku wa Adelaide hawali tini wakamaliza.
Wanadonoa, wanaonja, wanatupa, wanadonoa nyingine,
kama wateja wa sokoni wasio na pesa.
Usiku popo huja kula masazo,
na asubuhi Nunziata hufagia maganda
nyigu walevi wakimzonga vifundoni.

Alitundika sidi za marehemu Rocco,
dansi zote za Kalabria zikimeremeta matawini.
Siku mbili ndege waliogopa.
Ya tatu wakajitazama humo, wakachana manyoya.

Wavu? Wavu aliukata mwenyewe kwa mkasi,
mjusi wa ulimi wa buluu kanasa shingo,
akamtaka radhi kwa lugha ya mama yake.

Basi akaitoa shela sandukuni:
miaka hamsini na mitatu,
imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Akashona vifuko. Kila tini na chake,
na uzi wa kukaza kikonyoni.

Jirani, Bwana Pruitt, ambaye Rocco hakumsalimu
tangu ugomvi wa ua,
akachungulia. “Unafanya nini?”

“Nawaoza mabinti,” akasema, uzi mdomoni,
“kabla hawajaoza.”

Shela ikatosha sabini na mmoja tu.
Wa kileleni wakabaki vichwa wazi.

Pruitt akanyoosha kidole juu ya paa lake:
ndani ya mfereji wa mvua, kwenye kinyesi cha ndege,
mche wa mtini, majani matatu.

“Na huyu,” akauliza, “nani alimwoza?”

Nunziata akautema uzi.
“Lete ngazi,” akasema.