Kikombe cha Hamish

Siku ya kwanza kijana wa kaunta aliniuliza, "Habari yako?"
Nami, mtu wa Tanga, nikadhani anauliza.
Nikamjibu: njema, ila goti la kushoto,
baridi ya Dundee imehamia humo na kodi hailipi.
Na wewe je, umeamkaje? Mama hajambo? Baba?
Wadogo zako wanasoma?

Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Mtu wa sita alitazama saa, wa saba akatazama dari.
Kijana (Euan, kifua chake kiliandikwa)
alisema mama hajambo.
Baba yuko Aberdeen.
Kisha, kwa sauti ya chini, kama anaungama:
hajampigia simu tangu Krismasi.

"Kikombe kipi?"
Nikasema kidogo.
Hakuna kidogo, akasema. Kuna kirefu, kuna kikubwa,
na kuna kile ambacho kwetu tungelowekea soksi.
Nikachukua kirefu.
Kilikuwa kifupi.

"Jina?"
"Mwanahamisi."
Kalamu ikaganda hewani.
Nikammenyea jina kama umenyeavyo mtoto chungwa:
Mwana. Ha. Mi. Si.
Uso wake ukachanua, uso wa aliyekuta noti
kwenye suruali ya mwaka jana.
"Aa! Hamish!"

Sasa, Hamish huku ni jina la dume,
jina la wazee wenye nyusi za kufagilia uwanja,
na mmoja wao alikuwa pale pale, meza ya dirishani,
na mbwa wake, na gazeti la juzi.
Euan akaita, "Hamish!"
Tukainuka wawili,
mimi na ushungi wangu, yeye na mkongojo wake,
tukatazamana kama wake wenza waliokutana dukani.

Yeye ndiye aliyeondoka na kahawa yangu:
nyeusi, chungu, na tangawizi
niliyombembeleza Jagoda aikwaruze kutoka fungu la keki.
Mimi nikabaki na yake:
povu, krimu, sukari ya kuungua,
na biskuti imezama humo haina wa kuiopoa.
Asubuhi ile, kwenye dobi la hospitali,
nilikunja mashuka mia mbili nikiwa wima, naimba.
Mzee, nasikia, hakufumba jicho hadi Jumapili.

Jagoda ni wa mashine. Hacheki.
Mvuke ukipiga kelele yeye huutazama tu, na mvuke hunyamaza.
Nilipomlalamikia habari ya jina
alinionyesha kifua chake: JAKOBA.
"Miaka miwili," akasema. "Kibandiko kipya kinalipiwa."
Akarudi kwenye maziwa.

Basi nikawa Hamish wa pili.
Kadi yangu ya mihuri, tisa kwa moja ya bure,
Euan huigonga mara mbili siku za mvua,
na mvua ya mji huu mwaijua, au hamuijui:
kadi hujaa kabla ya Ijumaa.
Foleni nayo imezoea. Mtu wa sita, mwenye saa,
juzi aliniuliza goti linaendeleaje.
Nikaanza kumjibu. Akajuta.
Na Euan, bila kuulizwa, huku anafuta kaunta iliyokwisha kufutwa:
"Nilimpigia. Alikuwa anaangalia mpira.
Tukaangalia wote, yeye kule, mimi huku."

Alhamisi iliyopita mzee Hamish alijikongoja hadi mbele.
Kuna kijana mgeni wa kaunta, siku yake ya kwanza,
akamuuliza jina kama anavyouliza kila mtu.
Mzee akavua kofia. Akameza mate.
Nyusi zikapanda, zikashuka.
"Mwana," akasema, akapumzika kama aliyefika ngazi ya katikati,
"hamisi."

Bila kujikwaa!
Kigelegele kilinifika kooni, nikakimeza na biskuti.
Kijana mgeni akaandika, ulimi nje.

Jagoda akaigeuza ile bilauri ya karatasi, akaisoma, akaisoma tena,
akaita kwa sauti ya mnadani:
"Mona!"

Kahawa ilipoa pale dakika nne nzima,
mimi, mzee na mbwa
tukimtafuta Mona kwa macho.