Kazi: Topasi

Kipande tulikikuta ndani ya bati la biskuti,
chini ya risiti za pamba na rozari iliyokatika.
Ndalahwa bin Luhende. Kabila: Msukuma.
Makazi: Mwanza mjini. Mshahara: shilingi kumi na mbili.
Kazi: topasi.

Baba mdogo Lugendo akapiga meza, chai ikamwagika.
"Sikuwaambia? Babu aliuza vito!
Halafu mnashangaa damu yangu kupenda Geita."
Wiki ile ile akabadilisha kibao cha duka lake la chaja
pale Mabatini: TOPAZI NA WANAWE.
Hana mtoto. Hilo halikumsumbua.

Na ushahidi tulikuwa nao, wa kusikia:
kwamba babu alitoka usiku wa manane, taa mkononi,
maana mwenye mali huogopa macho ya watu.
Kwamba nyumba za wakubwa aliziingilia uani,
biashara ya siri hiyo.
Kwamba alinukia ndimu mwaka mzima,
hata msimu ambao ndimu hazishikiki sokoni.
"Manukato ya Bombei," alisema baba mdogo,
ambaye hajawahi kuvuka hata Kigongo.

Mimi ndiye mwenye daftari la ukoo.
Mimi ndiye niliyekwenda maktaba,
nikapewa kamusi isiyo na jalada,
herufi T imetafunwa pembeni na mende.
Topasi. Mstari mmoja, hata pumzi haukumaliza:
mtu aajiriwaye kusafisha vyoo; mbeba ndoo za kinyesi.

Nikakaa.
Nje, Mirongo ulikuwa unapita na chupa zake za plastiki.

Taa, kumbe, ilikuwa ya kutazama asikanyage.
Uani, kumbe, ndiko kilikokuwa kilango cha choo,
kimo cha ndoo, mtu hupiga magoti.
Na ndimu
ilikuwa ndimu. Alijisugua majivu,
kisha ndimu, kisha majivu tena,
mpaka kwenye viwiko, ndipo ambebe bibi Minza,
mchanga wakati ule, ambaye hata leo
akikata ndimu hufumba macho, husema:
baba kaja.

Miaka kumi na minane alizibeba, mji umelala,
akazifukia kule nyuma ya mawe, mbali na ziwa.
Asubuhi watu walishuka wakateka maji, wakanywa.
Njiani walipishana naye,
wakaziba pua.

Nimeandika kwa wino, si kwa penseli.
Jioni nikampigia baba mdogo.
Alinyamaza mpaka dakika zangu zikakaribia kwisha,
kisha akauliza kama ndoo zilikuwa na vifuniko.
Nikasema sijui.

Jumamosi nilipita Mabatini.
Kibao bado kipo.
Z imefutwa kwa msasa; juu yake kuna S,
ya mkono wake mwenyewe, imelalia upande,
rangi haijakauka.